Kigoda Mlangoni

Ikupa alipomwona mzee Andendekisye akipanda ngazi za hospitali na kitoto kifuani, alichukua kigoda chake, akakiweka katikati ya mlango wa wodi ya watoto, akakaa.

Mzee akasimama. Akavuta shuka akafunika uso, akageukia ukuta. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawapishani njiani, na Ikupa alikuwa mkwewe.

Miaka saba nyuma, mwaka arobaini na tisa, Ikupa alijifungua mtoto aliyepasuka mdomo hadi ndani kaakaani. Kila akinyonya, maziwa yalimtokea puani. Mzee akasema huyo ameikataa dunia, aachwe. Na ili Ikupa asimpeleke Mbeya hospitali, alihamishia kigoda chake penye njia pekee ya kutokea uani, akakaa hapo kutwa, anavuta kiko. Ikupa, binti aliyelelewa akaleleka, hakuthubutu kupita mbele yake. Siku ya tisa mtoto alinyamaza.

Ikupa alimzika, akapanda lori la Iringa bila kuaga. Huko alipiga deki wodini, mpaka nesi Esta alipomwonyesha: mtoto wa namna ile halishwi amelala. Mkalishe wima, kamua maziwa, pitisha kijiko shavuni tone kwa tone, ngoja ameze. Ikupa akauliza, ni hivyo tu? Akalia kutwa nzima. Kisha akajifunza yote, hata kuwapulizisha unyoya watoto wakubwa wenye mdomo wa namna ile, ili pumzi ipite mdomoni na maneno yasikike. Aliporudi na kuajiriwa hospitali hii ya Mbeya, akina mama walimfuata kutoka Mbalizi hadi Igawa.

Sasa mzee akaliambia benchi la akina mama waliongoja pale, "Mwambieni mama huyo, mke wa mwanangu mdogo ana homa, hajitambui. Mtoto naye amepasuka mdomo, hajala tangu jana."

"Mwambieni mzee huyo, njia ndiyo hii niliyokalia."

Tekla mfagiaji akaegemea ufagio. "Mzee, ukuta huo haunyonyeshi."

Benchi likacheka. Ikupa hakucheka, ila ilikuwa tamu, tamu mpaka kooni. Alimwacha asimame, shingo imepinda, jasho linamtoka na baridi yote ile. Angemwacha siku tisa.

Kisha kilio cha mtoto kikapungua, kikawa chembamba kama uzi. Kilio hicho alikijua. Kilikuwa cha siku ya nane.

Akainuka, akasogeza kigoda ndani.

"Ingia ukae. Shuka lishushe."

"Mama, mpokee tu mtoto, niondoke."

"Simpokei. Mama yake hajitambui, utamlisha wewe. Mimi nitakuonyesha, na mikono yangu huioni bila kuniona uso."

Mzee aliliangalia benchi. Kabla ya Jumapili habari hii ingefika kwao Tukuyu, na aibu yake ingemfuata mpaka kaburini. Akashusha shuka.

Ikupa alimpa kikombe cha maziwa na kijiko, naye akamkalisha mtoto wima. Akapitisha kijiko shavuni, tone likaingia, mtoto akameza. Akameza tena. Mzee akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Umesomea wapi haya?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwa mjukuu wako yule. Siku tisa."

Mzee akainamisha kichwa.

"Usiiname, utamwaga maziwa. Nitazame mimi. Ni mara nane kwa siku, mpaka mtoto anenepe."