Komunyo ya Chini ya Duara

Siku ya nne tangu duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lititie, Verdiana aligundua kwamba mwanawe hali chakula.

Hakuna aliyemwambia. Alisikia mwenyewe kwa sikio lake. Wachimbaji walikuwa wamepenyeza mabomba mawili katikati ya mawe, mpaka kwenye uvungu walikobanwa Nyangwine na mwenzake Orwa: moja la kupulizia hewa, moja la kumiminia uji na kusemezana. Verdiana ndiye aliyemimina, vikombe viwili asubuhi, viwili jioni, na kila akimimina alitega sikio bombani kama mkunga. Alisikia koo moja tu likimeza. Kikombe cha kwanza, Orwa. Cha pili, Orwa tena.

"Orwa, baba," akaita. "Mwenzako yuko wapi?"

"Shikamoo Mama. Yupo, tumekaa goti kwa goti."

"Marahaba. Mbona unakunywa peke yako?"

Kicheko kikavu kikapanda bombani. "Mama, huyu kijana wako ananinenepesha. Nikitoka huku watu watadhani nilikuwa Isebania kwa mjomba, siyo kaburini. Tangu juzi ananipa na fungu lake."

Kando ya Verdiana alichuchumaa mkwewe Tabitha, mke wa Nyangwine, nywele zikiwa bado na vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Tabitha alizaliwa katika nyumba ya Wasabato, na miaka miwili ya ndoa ilikuwa haijamponyesha ugonjwa wa kuuliza.

"Amekata tamaa, Mama?"

Verdiana akatikisa kichwa. Aliyekata tamaa haombi kitu, na Nyangwine juzi aliomba. Jumapili asubuhi, alipoitwa kwenye ibada, alijibu huku akivaa buti, "Mama, dhahabu haina Jumapili." Mchana duara likatitia. Jumanne ndiyo sauti yake ikapanda bombani: anataka Komunyo. Katekista Simioni alisema atamwuliza Padre kwanza. Lakini Padre alikuwa ng'ambo ya mto, daraja limebebwa na mvua, na simu yake haipatikani.

Akainama tena. "Nyangwine, mura, kijana wangu. Kwa nini huli?"

"Nangoja, Mama." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Unangoja nini?"

"Si niliomba Komunyo? Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kuanzia saa sita ya usiku, hata tone la maji lisipite kooni. Sasa huku sijui saa sita ni ipi. Huku ni saa sita muda wote."

Verdiana akashika bomba kwa mikono miwili. Akilini alimwona tena mtoto wa miaka minane, njiani kwenda misa, akiinamia kijito anywe, na yeye akimvuta sikio. Sheria ile aliipokea kwa bibi yake, naye bibi aliipokea kwa mapadre wa zamani. Aliirithi kama chungu, akampa mtoto bila kukigeuza aone kama kina ufa.

"Hiyo ilikuwa ya zamani, mwanangu. Kunywa."

"Unasema hivyo kwa kuwa niko shimoni."

"Nyangwine!"

"Nikila leo, Mama, kesho mtasema nimekula, ningoje tena."

Ukaidi huo aliujua ulikotoka. Alimwacha Tabitha pale akapanda kilima kwa miguu hadi kigangoni.

Simioni, mzee mfupi aliyeruhusiwa na parokia kugawa Komunyo, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa la mabati. "Saa sita ya usiku? Mama Nyangwine, siku hizi ni saa moja tu kabla ya kupokea! Na aliye katika hatari hana hata hiyo saa moja. Nilifundisha mwaka juzi, ulikuwa benchi la mbele."

"Mimi nilimfundisha kabla yako. Na la kwanza ndilo lililoshika."

"Basi mwambie ale."

"Haniamini. Ataamini akipokea."

Simioni akatazama tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Komunyo. "Imebaki hostia moja. Bomba lile limeshikamana uji ndani. Ikinasa humo, au ikadondoka kwenye udongo, kesho udongo huo unapelekwa karasha. Mwili wa Bwana utasagwa na mawe, Mama. Nitamweleza nini Padre?"

Swali lilikuwa la haki, na Verdiana hakulidharau. Yeye ndiye aliyefua vitambaa vya altare kwa miaka tisa, na maji ya kwanza ya kufulia aliyamwaga kwenye maua nyuma ya kanisa, mahali pasipokanyagwa, kwa sababu ya chembe za hostia zilizoweza kubaki.

"Bwana alikubali kushushwa kaburini," akasema taratibu. "Shimo halimtishi. Kinachotutisha ni uzembe wa mikono yetu. Kwa hiyo tutafute mikono isiyopoteza."

Na mikono hiyo aliijua. Tabitha, kabla ya kwenda karasha, alifanya kazi kwenye mwalo wanakosafishia dhahabu, na alijua kukunja karatasi ya kubebea vumbi lake.

Simioni akakubali. Verdiana alichukua kitambaa kidogo cha altare, kilichopigwa wanga kikakauka kama karatasi. Kwenye mdomo wa duara, Tabitha kwanza aliweka unga wa mahindi katikati, wa kujaribia, akakunja kona nne zikaingiliana, akageuza, akakunja tena mpaka kikawa kama kidole. Akakifunga kwenye uzi wa nailoni wenye nati ya kukivuta chini.

Olima, msimamizi wa duara, alizima pampu ya hewa ili watumie bomba kavu. "Dakika tano. Zaidi ya hapo nawasha, hata kama ni Papa mwenyewe yuko humo."

Uzi ukashuka. Ukalegea.

"Orwa, fungua wewe," Verdiana akaita katika bomba la uji. "Mwenzako amefunga."

Wakangoja.

"Ni unga," Orwa akasema. "Umejaa katikati, kona ni tupu kabisa. Mama, si mngeweka nyama?"

Uzi ukapandishwa, kikaletwa kitambaa kingine. Tabitha akarudi nyuma, mikono mgongoni, akamwacha Simioni akunje mwenyewe kama alivyomwonyesha. Simioni aliimega hostia. Kipande alichokichukua kilikuwa kidogo kuliko ukucha.

"Kadogo hivyo?" Tabitha akanong'ona. "Si kamepungua?"

"Hakapungui," Verdiana akajibu. "Chembe ni Yeye mzima."

"Kwenye mwalo chembe ni chembe tu, Mama. Ukipeleka chembe hawakulipi gunia."

"Ndiyo maana hii siyo dhahabu."

Simioni alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya ibada. Uzi ukashuka mara ya pili. Wachimbaji waliokuwa wakichota udongo walisimamisha majembe, hata wasiosali.

"Nyangwine, fungulia juu ya ulimi," Verdiana akasema bombani. "Ulimi ndio upekue kila kona."

"Mwili wa Kristo," Simioni akaita.

Olima akatazama saa, akaweka mkono kwenye kamba ya kuwashia pampu. Verdiana alihesabu pumzi zake mwenyewe. Akafika kumi na moja.

"Amina."

Olima akavuta kamba, pampu ikanguruma. Verdiana alibaki ameinama, sikio bombani. Sauti ikarudi, na safari hii ilikuwa sauti ya mtoto anayeamshwa.

"Mama."

"Naam."

"Uji upo?"

Alimimina kikombe kizima, akasikia koo likimeza, lile lingine. Akamimina cha pili.

"Ee, Mama," Orwa akalalamika toka chini, "na mimi je? Tumbo langu limeshazoea viwili!"

Walichimbuliwa Jumapili iliyofuata, mchana. Nyangwine alitolewa macho yakiwa yamefungwa kitambaa asidhurike na jua, na kabla ya kushika kikombe cha maji alipapasa mfuko wa shati, akatoa kile kitambaa kilichokunjwa vizuri, akampa mama yake.

Jioni Verdiana alikitia kwenye beseni nyuma ya kanisa. Tabitha alichuchumaa karibu, akainamia maji kwa macho yaleyale ya mwalo, yaliyozoea kutafuta kitu kinachong'aa chini.

"Unaona nini?" Verdiana akauliza.

"Sioni kitu."

"Basi mwaga wewe," akamsogezea beseni. "Polepole. Pale kwenye maua."