Pua ya Nta ya Bi Mwatumu

Mwaka 1956 Bi Mwatumu wa Ngamiani alipata kidonda kidogo cha saratani ubavuni mwa pua. Kabla ya kumpiga mionzi, Zubeiri, fundi wa eksirei hospitalini, alichonga kichwa cha nta mfano wake, akapachika ndani vipande vya filamu, akakijaribu kwanza kwa mionzi. Palipofika mionzi mingi, filamu ingegeuka nyeusi.

Bi Mwatumu alipoingia alikikodolea macho kile kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pua ya nani hii?"

"Yako, bibi."

"Yangu nene hivyo? Sitibiwi mpaka uipunguze!"

"Cha kupimia tu hiki, bibi, si cha urembo."

"Basi pima pua yangu, usipime ya jirani."

Zubeiri alicheka, ila akachukua rula. Kweli, nta ilizidi robo inchi. Akaikwangua, akaweka filamu mpya, akakipiga kichwa mionzi mara ya pili. Safari hii filamu ya jichoni ilitoka nyeusi ti, kwani mwanzoni nta nene iliikinga. Haraka akakata kibati cha madini ya risasi, yazuiayo mionzi, cha kufunikia jicho.

"Umeliokoa jicho lako, bibi."

Bi Mwatumu alikuwa akiitazama pua mpya. "Sasa ndiyo mimi," akasema, akapanda kitandani.

Kidonda kilikauka kabla ya Ramadhani, na jicho likabaki zima.