Mkwaruzo wa Saa Moja Jioni

Mzee Elphas Khaemba alikuwa na hakika kwamba mke wa mwanawe anamharibia redio.

Baada ya kustaafu reli alikuja kukaa Kiamunyi, nyumbani kwa mwanawe Jerry. Jerry alifanya kazi Gilgil na kurudi wikendi tu, hivyo siku nyingine mzee alibaki na Mitchelle, mke wa Jerry. Kila jioni saa moja alifungulia kiredio chake cha betri kusikiliza matangazo ya vifo kutoka stesheni ya kwao magharibi. Sauti ilikuja kwa mbali, lakini ilikuja.

Mwezi wa tatu ikaanza kukwaruza. Mchana, Mitchelle akiwa kazini, redio ilisema vizuri. Jioni akiingia tu sebuleni na kuweka mkoba chini, krrrr! Mzee akaanza kumchunguza. Mbona simu haimtoki mkononi? Mbona huuliza, "Baba, bado unasikiliza hiyo?" Siku moja Mitchelle alitoka kununua mkate na mkwaruzo ukaendelea. Ameacha kitu ndani, mzee akawaza, akapekua chini ya mito ya kochi. Hakupata kitu.

Halafu Micah, rafiki yake tangu enzi za reli, akafa na kuzikwa. Tangazo lilisomwa siku tatu mfululizo. Mzee alikuja kuambiwa na mpwa wake wiki moja baadaye.

Jioni hiyo alimngoja Mitchelle. Aliingia, akawasha taa, akamsalimia. Redio ikakwaruza.

"Zima simu," mzee akasema.

"Baba?"

"Zima! Unafikiri sijui? Unataka nirudi kijijini."

Mitchelle aliizima simu, akaiweka mezani mbele yake. Mkwaruzo haukukoma.

"Sasa nizime nini ingine, Baba? Unaniangalia kama mwizi. Hata kochi ulipekua, nilijua." Machozi yalikuwa karibu. Akageuka kwenda chumbani, na kwa hasira akapiga swichi ya taa, akamwacha mzee gizani.

"...jamaa na marafiki wote wanaombwa kufika mapema," redio ikasema, safi kabisa.

"Mitchelle! Rudi."

"Sitaki kugombana, Baba."

"Hatugombani. Washa taa."

Akawasha. Krrrr.

"Zima."

Mtangazaji akasikika, neno kwa neno. Mitchelle akawasha tena, na wote wawili wakatazama juu. Balbu hizo za LED, zinazokula umeme kidogo, Mitchelle alizinunua mwenyewe mwezi wa tatu, akabadilisha nyumba nzima kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zinaisha mbio. Muuzaji alizisifu sana. Habari za redio hakutaja.

"Na wewe hukujua?" mzee akauliza, bado amemkazia macho.

"Ningejua, ningekuacha ukose mazishi ya Micah?"

Mzee aliinama, akasema, "Nisamehe, mama."

Mitchelle aliingia jikoni, akafunga mlango.

Kesho yake Mitchelle alitafuta balbu za zamani madukani, asipate. Alijaribu LED ya aina nyingine; nayo ikakwaruza. Basi wakawa wanazima taa saa moja mpaka matangazo yaishe. Siku za kwanza Mitchelle alijikalia jikoni, mlango umefungwa. Alhamisi alikuja na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Huyo wamemtaja ni wa kwenu?"

"Huyo?" Mzee akapunguza sauti ya redio. "Huyo tulisoma darasa moja. Sogea karibu, nikueleze."