Kiapo Mbele ya Mita

Mtaimbo wa Osée ulipotua kwenye mlango wa Tausi, bati lilipasuka kwa kilio kirefu, kama mbuzi aliyeshikwa shingoni. Ilikuwa Jumapili alasiri, na watu waliouzunguka mlango ule walikuwa bado wamevaa nguo za ibada: tai, viatu vilivyong'arishwa, vitenge vilivyopigwa pasi. Mwanamume mmoja alikuwa ameibana Biblia kwapani ili mikono yote miwili ipate kushika jiwe.

"Toka!" Osée alinguruma. "Toka na resho yako, weye mwizi!"

Adrienne, dada yake mdogo, alisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya pili akiwa na mwiko mkononi. Nyumba hiyo ilikuwa ya Osée. Nyuma yake, Hortense, mke wa Osée, alikuwa amejibanza ukutani, kiganja mdomoni. Wanawake hao wawili hawakuthubutu kutazamana. Kila mmoja alijua ni kitu gani kilichokuwa kikiwaka nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

Resho ni jiko la watu wasio na jiko: tofali la udongo lililochongwa mfereji, na ndani ya mfereji waya uliojikunja kama mnyoo. Ukiuchomeka waya huo ukutani hugeuka mwekundu, na bukari, ugali wa huku, huiva kabla mtoto hajaanza kulia. Lakini resho hunywa umeme kama ngamia aliyetoka jangwani, na kiwanja kile, nje kidogo ya Likasi upande wa barabara ya Kapolowe, kilikuwa na nyumba sita na mita moja.

Umeme wenyewe ulitoka kwenye bwawa dogo la ushirika, na ushirika uliuuza kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya taa na redio. Hata muuza karanga aliimudu. Ya pili iliuma. Ya tatu ilitafuna hadi mfupa. Walioipanga bei hiyo walitaka kumbana tajiri mwenye majokofu, wakasahau kwamba tajiri hukaa na mita yake peke yake, ilhali maskini hupangana kama dagaa kwenye mita moja. Nyumba moja ikipika kwa umeme, kiwanja kizima hupandishwa ngazi, na mwenye balbu moja hulipia moto ambao hakuuota. Wakishindwa kulipa, waya hukatwa.

Ulishakatwa mara moja. Ilikuwa kiangazi, usiku wa baridi, na Hortense alimwachia mwanawe Divin mshumaa kwa sababu mtoto aliogopa giza. Mshumaa ulianguka kwenye chandarua. Osée aliingia mle ndani mikono mitupu, akatoka na kitu kilichofungwa katika blanketi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akicheka kwa sauti.

Baada ya mazishi wapangaji wote walikusanyika mbele ya mita. Waliweka viganja vyao juu ya sanduku lake, kama wawekavyo juu ya kichwa cha mgonjwa anayeombewa, wakaapa mbele za Mungu kwamba hakuna atakayewasha resho tena katika kiwanja kile. Tausi peke yake, Mwislamu kutoka Kasongo ambaye mumewe Haruna aliendesha lori, hakuligusa sanduku. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Wallahi, sitawasha." Wakati ule hakuna aliyejali. Sasa kila mtu alikumbuka.

Kisha mvua zilikuja, makaa yakapanda bei, na kile kiapo kikaanza kutafunwa na panya, kila nyumba kwa tundu lake. Osée hakujua. Wiki nzima alikuwa machimboni upande wa Kambove, na aliporudi Jumamosi alikula alichopewa, akalala kama gogo. Jumapili hii alitarajiwa kubaki kanisani kwenye kikao cha wanaume hadi jioni. Lakini kikao kilivunjika mapema. Shemasi Théophile, mpangaji wa nyumba ya kona, alisimama na karatasi ya ushirika: kiwanja kimefika tena ngazi ya tatu. Osée hakungoja baraka ya mwisho. Alipita kwake bila kuingia, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ukuta wa nje.

Tausi alitoka. Hakutoka kwa miguu yake; alitolewa kwa kitambaa chake cha kichwani, na kitambaa kilipochomoka walimkamata nywele.

"Minye sina resho," alisema. "Ingieni, muangalie. Sina kitu."

"Maharagwe yako inaivaka na nini?" mwanamke mmoja akadakia. "Na mate?"

Watu walicheka, kicheko kile cha haraka kinachotangulia pigo. Kila alfajiri Tausi aliwauzia wachimbaji maharagwe barabarani, ya moto, laini kama siagi, na hakuna aliyewahi kumwona akinunua gunia la makaa wala kuona moshi ukidumu juu ya paa lake.

"Inaivia mu kikapu," Tausi alisema. "Yule mama wa ushirika alitufundisha wote. Siku ile mulicheka. Minye nilisikiliza."

"Sikieni! Sasa kikapu nayo inapikaka!" Théophile alipiga makofi. "Kesho atatuambia kiatu inazaaka!"

Walipindua kitanda, wakapasua mto, wakachimba sakafu ya udongo kwa mtaimbo wakitafuta waya uliofukiwa. Hawakupata waya. Walipata kikapu kikubwa kilichojazwa vitambaa vikuukuu na nyasi kavu, kimefunikwa blanketi. Théophile aliukunja mkono wa shati lake, akautumbukiza ndani hadi kwenye kiwiko, kisha akaruka nyuma akipiga yowe.

"Iko moto! Hakuna waya, hakuna kaa, na iko moto!"

Waliokuwa karibu na kikapu walirudi nyuma hatua moja.

"Bulozi," mtu akanong'ona.

"Bulozi!" wakapokea wengine. Mwizi alikuwa amegeuka mchawi, na mchawi hahitaji ushahidi. Mtu alikipiga kikapu teke, sufuria ikabingirika, maharagwe yakamwagika kwenye vumbi jekundu yakitoa mvuke. Waya wa umeme ulikatwa ukutani kwa Tausi, ukakunjwa mara mbili, na pigo la kwanza likamchana shavu. La pili lilitua shingoni. Alipojikunja kulinda tumbo, kiatu kilichong'arishwa kwa ajili ya Bwana kilimpiga mbavuni, na Adrienne, kutoka kizingitini, alisikia sauti ndogo kavu, kama mtu anayevunja kuni.

Adrienne alikuwa mtu wa kungoja. Tangu Osée alipomchukua, yatima aliyemaliza darasa la sita tu, alijifunza kukaa kimya katika nyumba ya watu na kutazama. Kwa kutazama alijua mengi. Alijua kwamba Tausi huchemsha maharagwe kwa magunzi ya mahindi mpaka sufuria ianze kunena, kisha huiondoa upesi na kuifungia kikapuni, imalizie kuiva kwa joto lake yenyewe. Aliwahi kuchungulia kwenye ua, akaona, akastaajabu, na hakumwambia mtu. Hata sasa, maneno yalikuwa yamejaa kinywani, na kinywa kilikuwa kimefungwa. Akisema Tausi hana resho, wataulizana ni nani basi aliye nayo. Na Hortense, aliyemgawia nguo zake, aliyemwita mdogo wangu mbele za watu, atakuwa ndiye mwanamke aliyewasha resho juu ya kaburi la mwanawe.

Akageuka. Hortense alitikisa kichwa polepole, machozi yakimtiririka.

Nje, mtu alikuwa akivingirisha tairi la lori kutoka nyuma ya choo.

"Leteni petroli," Osée alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba maji. "Mutoto wangu aliungua. Na yeye aungue."

Mwiko ulimwanguka Adrienne. Alivuta pazia, akang'oa waya ukutani, akaitupa sufuria ya maji pembeni. Kikwembe alichojifunga kiunoni ndicho kilichokuwa karibu. Alikizungusha mikononi na kulinyanyua tofali likiwa jekundu. Kitambaa kilivuta moshi kabla hajafika mlangoni. Alipofika uani kilikuwa kimeshika moto, na watu walimpisha bila kujua kwa nini wanampisha, kwa sababu mtu anayetembea huku mikono yake inaungua bila kupiga kelele hutisha kuliko mwenye panga.

Aliliacha tofali lianguke kati ya Tausi na tairi. Lilipasuka vipande viwili. Waya, bado mwekundu, ulikunjuka juu ya vumbi.

"Ya nani?" Osée aliuliza. Aliliangalia tofali, kisha akaiangalia nyumba yake, na uso wake ukaanza kubomoka.

"Yangu, yaya," Adrienne alimjibu kaka yake. "Minye ndjo nilipika. Yaya Hortense hajui."

Osée alimpiga kwa ule waya uliokunjwa, ule uliomchana Tausi shavu. Alimpiga begani, mgongoni, akampiga tena alipopiga magoti, na kila pigo liliambatana na jina moja: Divin. Divin. Divin. Hakuna aliyemzuia. Watu walipenda kuona hukumu ikimpata mtu, na mtu mwenyewe hakuwa na haja ya kuwa yule yule.

"Piga," Adrienne alisema alipopata pumzi. "Ukimaliza, ingia kwa baba Théophile. Ya kwake iko nyuma ya kabati, chini ya gunia ya unga."

"Bongo!" Théophile alipayuka. "Uongo mutupu! Yesu ananiona!"

Lakini mke wake alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea nyumba ya kona, viatu mkononi.

"Kwa mama Georgette iko mu beseni ya nguo," Adrienne aliendelea, uso wake ukiwa karibu na ardhi, sauti yake tulivu kama ya mtu anayesoma tangazo. "Kwa baba Léon iko juu ya dari. Ile nyumba ya nyuma iko nazo mbili."

Kundi halikutawanyika, liliyeyuka. Mmoja alikumbuka mtoto aliyelala, mwingine alikumbuka mlango alioacha wazi. Mwenye Biblia aliliweka jiwe chini kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Mke wa Théophile alionekana akitoka kwa nyuma amebeba kitu kizito kilichofunikwa kanga, akaelekea chooni, na kishindo cha kitu hicho kikiangukia shimoni kilisikika kiwanja kizima. Tairi lilibaki pale lilipo. Osée alibaki na waya wake mkononi, amezungukwa na milango inayofungwa, mmoja baada ya mwingine.

Aliudondosha. Akaingia kwake bila kumtazama dada yake wala aliyelala karibu naye.

Madereva wenzake Haruna walikuja na pikapu kumchukua Tausi. Walipokuwa wakimnyanyua, Adrienne alisogea, akijaribu kusaidia kwa viganja ambavyo ngozi yake ilikuwa imebaki kwenye tofali. Jicho moja la Tausi lilikuwa limevimba, limefungika. Lile la pili lilimtazama kwa muda mrefu.

"Weye ulijua," Tausi alisema. "Tangu waligonga mulango, ulijua."

"Nilijua, mama."

Tausi alifumba lile jicho lililobaki. Pikapu iliondoka taratibu ikikwepa mashimo, na katika kila shimo Adrienne alimsikia akilalamika, hadi barabara ilipoimeza sauti.

Jua lilipokuwa likizama, Hortense alitoka na sahani. Alikuwa amemfunga Adrienne mikono kwa vipande vya shuka na mafuta ya mawese, na sasa alikaa kando yake kizingitini, akimega bukari, akiifinyanga, akiichovya kwenye mboga na kumlisha mdomoni, kama alivyokuwa akimlisha Divin. Hakuna taa iliyokuwa imewashwa katika nyumba yoyote, ingawa umeme ulikuwepo. Ni kama kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuonekana.

"Hortense," Osée aliita kutoka gizani ndani. "Funga mulango."

Hortense aliacha tonge hewani. Mlango ukifungwa, mmoja wao angebaki nje, na wote watatu walijua ni nani.

"Sitaki kuona ile sura," Osée alisema. "Nilimulea. Akapikia bukari yangu na kile kilichoua mutoto. Funga."

Hortense alilirudisha tonge kwenye sahani. Aliipangusa mikono yake kwenye nguo, kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba anakwenda kumpokea mtoto wa mtu. Adrienne alielewa, akatikisa kichwa.

"Yaya Hortense, hapana. Imeshapita. Imeisha juu yangu."

"Haiishe," Hortense alijibu. Alisimama. "Osée, washa taa," alisema kuelekea ndani. "Nataka unione nikisema."

Akaingia. Kitanda kililia, Osée akinyanyuka kwa uzito wake wote. Nyayo zikaja sakafuni, na mlango ukaanza kusukumwa kutoka ndani. Adrienne, ambaye hakuwa na mkono wa kuuzuia, aliinuka akaweka bega lake, lile lililopigwa, kati ya mlango na mwimo wake, Hortense asifungiwe mle peke yake, na akabaki hapo.