Mtoto Asiye na Kilo

Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto katika zahanati ya Katuba, na benchi lilijaa akina mama tangu asubuhi. Zamu ya Virginie ilipofika, muuguzi Hortense alimlaza bintiye Claudine kwenye mizani. Sindano haikusogea. Hortense akagonga kioo kwa ukucha, akamwondoa mtoto, akaweka mfuko wa chumvi. Sindano ikaruka. Akamrudisha mtoto, sindano ikalala.

"Mutoto iko muzima," alisema, akimfinya shavu lililonona. "Ila haina kilo. Mwingine akuye!"

Virginie hakushangaa. Tangu pepo za kiangazi zianze, alikuwa akimfunga Claudine kitandani kwa kitenge, na siku aliposahau, mumewe Godefroid, fundi wa reli, alimteremsha mtoto kutoka darini kwa ufagio. Alimteremsha vizuri, bila kumchoma.

"Ulimupatia jina ya tumbo?" aliuliza mama Léonie, jirani yake, kutoka kwenye benchi.

"Alibatizwa. Njo Claudine."

"Claudine ni ya padri. Padri hana mizani, mama."

Kwao Virginie, jina la tumbo hutoka kwa nyanya wa mtoto. Humshika mtoto, akamtazama, akasema ni nani aliyekuja. Mtoto asiyetajwa huelea. Nyanya wa Claudine alikuwa amekufa na kuzikwa mlimani, upande wa Lukafu, katika kijiji chao. Kufa kwake hakukuwa kizuizi. Wafu wa kijiji kile hawakuwahi kukataa kazi, mradi mtoto afikishwe. Kizuizi kilikuwa serikali. Serikali iliamua mlima uwe hifadhi ya wanyama na ya hewa safi, na asubuhi moja watu wote wakapakiwa kwenye malori, kuku wakabaki. Chini ya mlima pakasimikwa kibao: WENYEJI MARUFUKU, ISIPOKUWA WENYE MIZIGO.

Mizigo maana yake vikapu vya Chama cha Watembeaji, wazungu wa Élisabethville waliokwenda kupanda mlima Jumapili na kuteremka siku hiyohiyo, kwa hiari yao.

Na chama nacho kilikuwa na shida. Zamani, kila aliyetaka kupanda aliokota jiwe, akaliweka kwenye rundo mwanzoni mwa njia, akauamkia mlima. Mwenyekiti wa chama, Bwana Clovis, mwenye duka la dawa, aliona rundo lile ni uchafu. Akaamuru mawe yatupwe bondeni, pakajengwa meza ya kulia. Tangu siku hiyo njia ikawa haifiki. Watembeaji walipanda asubuhi nzima, jasho likawatoka, na walipogeuka lori lililowaleta lilikuwa palepale, karibu kiasi kwamba dereva aliwapa kiberiti bila kunyanyuka. Walibadilisha viatu. Wakamleta mpima ardhi, naye akaipima njia, akaiona haina kasoro, akarudi mjini.

Aliyewasimulia haya akina Virginie ni Mwape, kapita, yaani msimamizi wa wapagazi, jirani yao. Alikuwa mtu wa Luapula, na mlima haukumjua.

"Mulima inaangalia nani iko mbele," alisema, akimega tonge la bukari. "Inataka muntu wake."

"Yaya Mwape, mimi njo muntu wake," alisema Virginie.

"Wewe ni mwanamuke."

"Mulima iliuliza?"

Godefroid alicheka hadi akapaliwa. Mwape hakucheka. Alishaanza kuwaza namna ya kumwambia mzungu.

Waliondoka Jumamosi, wakalala Lukafu, na Jumapili alfajiri wakawa chini ya mlima. Bwana Clovis alimtazama Virginie, kisha kibao. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, hasa zile zilizowahusu wengine.

"Mzigo wake uko wapi?"

"Mugongoni, Bwana," alisema Mwape.

Bwana Clovis akamnyanyua mtoto kwa vidole viwili, kama anavyonyanyua pamba dukani kwake. "Hauna uzito huu."

"Njo sababu tulimupatia mwanamuke, Bwana."

Hoja ikamtosha. Virginie aliokota jiwe, akaliweka katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, akauamkia mlima kwa jina la baba yake. Akashika njia. Nyuma yake wakafuata wazungu mmojammoja, kisha wapagazi na vikapu, na njia ikapanda kama njia nyingine yoyote. Lori likawa dogo, likawa punje, likapotea. Madame mmoja akasema viatu vipya hatimaye vimesaidia.

Kijiji kilikuwa karibu na maporomoko ya maji. Nyumba zilikuwa zimeanguka, nyasi zimepita kichwa. Mama yake Virginie alikuwa ameketi kwenye jiwe la kusagia, akichambua maharagwe.

"Mulienda wapi bote?" alisema bila kuinua macho. "Mimi ninakufa kidogo tu, ninageuka, kijiji muzima iko wazi. Hata kuaga!"

"Walitupandisha mu malori, mama. Hawakutupa nafasi ya kuaga."

"Nani?"

Virginie akaelekeza kwa mdomo. Mama akawatazama watembeaji walivyojitupa chini, wamewiva kama nyanya.

"Hawa bako na shamba huku?"

"Hapana."

"Bako na muntu wa kuzika?"

"Hapana, mama. Wanapanda tu. Kisha wanashuka."

"Masikini," alisema mama, na akamaanisha.

Bwana Clovis alikuja na kamera yake. Alivua kofia, kwa maana alilelewa vizuri, akamuuliza yule bibi kama ana ruhusa ya kuwa pale. Mwape akatafsiri.

"Mwambie mimi ni mufu."

Bwana Clovis akafikiri. Kibao kilikataza wenyeji. Juu ya wenyeji waliokufa hakikusema lolote. Akamwomba basi asogee kidogo, anaziba maji.

Mama hakusogea. Aliweka ungo chini, akanyoosha mikono, akampokea mjukuu. Alimgeuza huku na huku, akamnusa utosini, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Numbi," alisema. "Uko na kichwa ngumu vilevile. Ikala chini."

Mtoto akashuka mapajani mwake kama mtungi uliojaa. Kisha akalia, kilio kinene, na wazungu wakaomba anyamazishwe asiwatishe ndege.

Kuteremka kulimuumiza Virginie. Kitenge kilimkata mabega, kiuno kikawaka, akawa anasimama kila mara kumpandisha Numbi mgongoni, na kila alipompandisha alitabasamu peke yake. Penye lori Bwana Clovis alisema amefurahi. Virginie atawaongoza Jumapili zote.

Virginie alimtazama Mwape, na Mwape akaanza kutafsiri kabla hajaambiwa kitu.

"Haiwezekani, Bwana. Muntu wa mulima anafungua njia mara moja tu. Kila Jumapili itataka mwingine."

"Wako wengine?"

"Katuba iko imejaa, Bwana."

Ulikuwa uongo, nao ukafanya kazi vizuri. Jumapili iliyofuata alitangulia mama mmoja na pacha wasiokuwa na kilo. Kisha mzee Alexis, aliyetaka kumwona mkewe. Hakuwa na mtoto wa kubeba, akabeba jiwe kutoka Katuba. Bwana Clovis akauliza mzigo wake uko wapi, akaonyeshwa jiwe, akaridhika, maana mzigo ni mzigo. Wengine wakaiga. Meza ikafunikwa upande mmoja, kisha wote, na watembeaji wakazoea kula wamesimama.

Katika zahanati, sindano ilipopanda, Hortense alimkabidhi Virginie mtoto wake. "Hii iko nzito," alisema. "Mwingine!"

Kibao hakikuondolewa. Rundo lilipokifikia shingoni, serikali ilituma fundi akakiweka juu ya mti mrefu zaidi, na kukipaka rangi ili kisomeke vizuri. Mwaka uliofuata alirudi na mti mwingine, mrefu kuliko ule. Kabla hajaanza kazi alimwomba mama aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni amshikie ngazi. Mama akaweka jiwe lake kwanza, akauamkia mlima, kisha akamshikia.