Shingo Isiyo na Kovu

Daktari wa upasuaji alieleza bila kuzungusha maneno. Ni saratani ya tezi ya shingo, bado ndogo. Akipasuliwa kwa njia ya kawaida, nafasi ipo wiki ijayo, ila kovu litabaki hapa mbele, pale mkufu unapolala. Roboti ya upasuaji huingilia kwapani na shingo hubaki safi, lakini foleni yake ni miezi mitatu.

"Unaweza kusubiri," alisema, "mradi uvimbe usikue. Ukikua hata kidogo, njoo siku hiyohiyo."

Mwingine angekwenda kulifikiria kwanza. Mgonjwa huyu alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Miaka kumi na tano amewafunika wateja makovu kwa lesi, huku akiwasikia shangazi zao wakiwateta pembeni. Sasa ana miaka thelathini na tisa, na zamu yake ya kuolewa imefika, tena kwa fundi bomba mpole ambaye wala hakumtarajia. Gauni lake, la shingo wazi, alikwisha kulikata. Mchumba alimwambia kwamba yeye anaoa mtu, haoi shingo. Bibi harusi akacheka, akamwita muongo, akachagua roboti.

Lakini mkono wa fundi haukai bure. Wiki ya pili alijipima shingo: imeongezeka nusu sentimita. Akasema futi imelegea. Wiki ya tano, sentimita moja na nusu. Akanunua futi mpya. Loo, mtu akiamua kujidanganya hakosi vifaa! Hospitali walipompigia simu kumuuliza hali, alijibu hakuna kilichobadilika, akarudi kwenye cherehani.

Siku ilipofika, daktari alimgusa shingo mara moja tu, akaamuru roboti isogezwe kando. Walimpasua karibu kutoka sikio hadi sikio. Saratani ilikuwa imeng'ang'ania mshipa wa sauti, ukakatwa. Iliyoingia kwenye koo haikutoka yote.

Alizinduka, akamkuta mchumba wake akimfokea daktari. Mpole yule alikuwa amewaka: mlimwachaje miezi mitatu, mlikuwa mnangoja nini? Daktari, kichwa chini, akaomba radhi, akasema wakati mwingine hukua ghafla, hakuna ambaye angejua.

Mgonjwa akamvuta mchumba mkono mpaka sikio likafika mdomoni pake.

"Nilijua," alisema. Ilitoka pumzi tupu.

"Unasemaje?"

Akavuta hewa, koo likimuwaka moto, akasema tena, yote, tangu wiki ya pili.

Safari hii mchumba alisikia. Alibaki ameinama vilevile, na nyuma yake daktari akaendelea kuomba radhi.