Hakulambwa

Wegesa alimwomba mumewe kitu kimoja tu: wasubiri mbuzi amalize kazi yake.

Ilikuwa mwaka 1974, siku watu wa bonde lao, nje kidogo ya Bunda, walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Lori lilikuwa linanguruma uani, vyungu na vitanda vimeshapakiwa. Nyuma ya zizi mbuzi mweusi ndiyo kwanza alikuwa amezaa, mtoto bado ameloa ute. Machage, mumewe, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alitaka nyumba yake itangulie.

"Muache amlambe kwanza," Wegesa alisema. "Harufu ya mwanawe inamwingiaga kichwani saa hiyo hiyo. Ikimpita, imempita."

"Mbuzi ni mbuzi, mama Wankyo. Atamjua huko huko."

Akamfuta mwanambuzi kwa gunia, akampakia. Mama yake akaswagwa kwa miguu pamoja na kundi.

Kundi lilifika kesho yake jioni. Wegesa akamsogeza mwanambuzi, sauti imemkauka kwa kulia, kwenye kiwele cha mama yake. Mbuzi alimnusa, kisha akampiga pembe mpaka akabiringika. Wegesa akampaka mtoto chumvi mgongoni. Mbuzi akailamba chumvi yote, akanusa tena, akampiga tena.

Hasira ilimpanda Wegesa, wala si juu ya mbuzi. Mbuzi alikuwa anamfukuza mtoto asiyemjua. Mwenye kosa alikuwa amekaa kitini, anakunywa chai na katibu wa kijiji, anasifiwa kwa kuhama bila usumbufu.

Akaenda akasimama mbele yao.

"Baba Wankyo, njoo ushike pembe."

"Nina mgeni."

"Mgeni atasubiri. Mbuzi hakusubiriwa."

Katibu akainamia kikombe chake. Machage akainuka.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, balozi alishika pembe mbele ya majirani, mkewe akifunga miguu ya nyuma kwa kamba, mwanambuzi akinyonya. Alinenepa. Mama yake hakumkubali hata siku moja.

"Si amepona?" Machage aliuliza hatimaye, akiachia pembe. "Sasa unanunia nini?"

"Amepona kwa kamba," Wegesa alisema, akaifungua.

Mbuzi akamrukia mtoto. Machage akajitupa katikati, pembe zikampata gotini, akakaa chini akiugulia. Wegesa alimtazama kidogo, akachukua ndoo yake, akaenda kuteka maji.